Isale la Mwenyekiti wa Mfereji

Kirua Vunjo, saa tisa alasiri

Mwanangu Aika,

Umeshuka Himo na mama yako kutafuta begi lenye magurudumu, kwa kuwa mama yako anasema lile la zamani litatuaibisha Misri. Nimebaki peke yangu hapa barazani na daftari la mfereji. Karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari hilo, na Katibu akiuliza nitamwambia ni panya. Miaka yote hii ya uenyekiti maandishi niliyozoea ni mihtasari ya vikao tu: nani alifika, nani hakufika, nani alifungulia maji nje ya zamu yake. Kwa hiyo ukiona barua yangu inakwenda kama muhtasari, nivumilie.

Mambo ya pasi, sweta, dawa na namba za simu mama yako ameshakuambia mara tatu, na kesho atayarudia garini kuanzia hapa mpaka Bomang'ombe. Sina la kuongeza huko. Nina ajenda moja tu, nami nimeikwepa kwa miaka tisa. Umekuwa bingwa. Jina lako limesomwa redioni, kanisani umepigiwa makofi mpaka mchungaji akasahau matangazo, na siku zote hizo baba yako amekaa benchi la mbele akichekelea kama yeye ndiye aliyelowa. Lakini hajawahi kukuomba msamaha. Kesho saa moja asubuhi gari linakuja kukuchukua. Nisiposema leo, utapanda ndege bila kulisikia neno hilo kutoka kwangu, na mimi nitabaki nalo hapa na migomba.

Asubuhi ile unaikumbuka. Mimi naikumbuka vizuri zaidi, kwa sababu wewe ulikuwa kichwa chini.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nduwa yetu, lile bwawa la mfereji, ilikuwa imekusanya maji usiku kucha kama kawaida, nami nilikuwa naenda kutoa kizibo ili nyumba za chini zipate kumwagilia. Nilikuwa na daftari kwapani na buti mpya za mpira miguuni, nimezivaa kwa mara ya kwanza. Nikafika ukingoni, nikaona katikati ya maji miguu miwili. Imesimama wima, vidole vimenyooka kuelekea juu, na mwenye miguu haonekani. Niliitambua kwa lile kovu la panga kwenye muundi wa kushoto.

Nikapiga ukunga, nikaruka. Baba yako hajui kuogelea, unajua, lakini sekunde ile sikulikumbuka hilo. Maji yakanifika kifuani, buti zikajaa, daftari likaelea kwenda zake. Nikakukamata kifundo cha mguu, nikavuta. Ukaibuka, ukajifuta uso, ukanitazama kwa adabu zote ulizofundishwa nyumba hii.

"Shikamoo baba," ukasema.

Ningekuwa na akili ningecheka, ningekukumbatia, tungerudi nyumbani tukanywe chai. Lakini siku ile ilikuwa siku ya kusafisha mfereji, na watu wa nyumba zote kumi na nne walikuwa njiani na majembe yao. Walisikia ukunga wangu, wakaja mbio. Wakamkuta mwenyekiti wao nduwani, amelowa, ameshika mguu wa mtoto. Mbele yao alisimama Mzee Eliakimu, jirani tunayepakana naye shamba. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemtoza debe la pombe ya mbege kwa sababu ng'ombe wake aliingia kwenye nduwa. Sheria ilikuwa wazi, nami niliisoma kwa sauti: maji ya nduwa hayaogwi, hayafuliwi, wala mnyama hakanyagi.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "ng'ombe wangu alilowa mpaka magoti. Huyu wako amelowa mpaka wapi?"

Watu wakacheka. Walicheka vizuri tu, bila ubaya, na kama ningecheka nao mambo yangeishia pale. Nilichagua kuwa mwenyekiti.

Unajua isale, ule mmea wa mipaka ya mashamba, ni nini kwetu. Mtu aliyekosea hukata jani lake, hulipiga fundo, akampelekea aliyemkosea, na aliyepelekewa jani hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ni kitu kizito, cha watu wazima waliotoleana mapanga kwa ajili ya mpaka, au ndugu walioacha kusalimiana miaka. Mimi nikakata majani kumi na manne pale pale, kwenye mpaka wa shamba kando ya nduwa, nikayapiga fundo moja moja kwa mikono iliyolowa, nikampa mtoto wa darasa la tano. Nikasema hutaingia ndani ya nyumba yangu mpaka umalize nyumba zote.

Ulikwenda na sare ya shule. Mama yako aliniambia neno moja tu, siliandiki hapa, akachukua khanga yake akakufuata kwa nyuma mpaka nyumba ya mwisho. Mlirudi jua linazama. Hukulia. Ulisema, "Nimemaliza baba," ukaenda kukata majani ya ng'ombe.

Nyumba kumi na nne, Aika, na katika nyumba hizo zote hapakuwa na hata mtu mmoja uliyemkosea. Nililijua hilo siku ileile. Sheria ilikuwepo ndiyo, lakini hasira yangu haikuwa ya maji. Ilikuwa ya buti, na ya kicheko cha Mzee Eliakimu.

Yeye mwenyewe alinisimulia baada ya miaka, tukiwa kwenye kikombe, ulivyofika kwake. Ulimpa jani kwa mikono miwili, ukasema, "Babu, naomba msamaha kwa kuingia kwenye maji. Ila sijaelewa kosa la miguu kukaa juu." Akapokea jani, akakushukuru kwa lugha yetu, "Haika, mae," akakupa ndizi mbivu ule njiani, akaingia ndani kumwambia mkewe kwamba mwenyekiti amepotoka.

Ikapita karibu miaka mitatu hujagusa maji zaidi ya yale ya ndoo. Ukitumwa kwenye mfereji ulikuwa unazunguka juu, njia ndefu, ili usipite nduwani. Mimi nilikuwa naona. Nilijiambia kwamba mtoto ameshika adabu. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya huku akiitwa mwenyekiti na watu wanamwamkia.

Halafu ukaanza kidato cha kwanza kule Moshi, na Mwalimu Felista akapanda huku.

Nilikuwa nachuma kahawa. Nikaona mama mnene kidogo, amevaa tracksuti na kofia ya kanisani, anahema kama amebebeshwa gunia. Akaniamkia, akakaa juu ya kreti bila kukaribishwa. Akasema yeye ni mwalimu wa michezo, ujanani alisomea nje, na shuleni kwao kuna bwawa ambalo wengine wanalitumia kupigia picha tu. Akasema wanafunzi wote wameingia majini isipokuwa mmoja.

"Nikamuuliza unaogopa? Akasema haogopi. Nikamuuliza sasa nini? Akaniambia, mwalimu, maji yana wenyewe, mpaka baba aruhusu." Akaniangalia. "Mzee, umemfanya nini huyu mtoto?"

Nilimuuliza kuhusu huo mchezo wenyewe, ili tubadili mazungumzo. Akaeleza: wasichana wanaogelea kwa muziki, kwa mpangilio, wote mkono mmoja na mguu mmoja, wakiwa juu na wakiwa chini.

"Wanaogelea kuelekea wapi?" nikauliza.

"Hawaelekei popote. Wanacheza hapohapo."

"Mtu anaogelea halafu hafiki?"

"Mzee wangu, wewe mwache aingie. Kama hatafika, nitamrudisha mwenyewe."

Nikaruhusu. Usije ukadhani niliruhusu kwa wema. Niliogopa akikaa zaidi juu ya ile kreti atauliza tena lile swali la kwanza.

Jumamosi moja nikapitia shuleni kwenu baada ya kupeleka ndizi sokoni, nikasimama kwenye uzio nisionekane. Nikaona miguu. Safari hii ilikuwa mingi, lakini ya kwako niliijua hata bila kovu, kwa sababu mingine ilikuwa inayumbayumba na yako ilisimama tuli kama ilivyosimama kwenye nduwa yetu. Halafu ukaibuka, kibanio puani, ukatabasamu kwa watu wasiokuwepo. Nilishika ule uzio nikalia, na ndiyo maana nilikuambia macho yanawasha kwa vumbi la njiani. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo.

Spika yenu ya chini ya maji ilikuwa imekufa. Mwalimu Felista alikuwa akipiga ngazi ya bwawa kwa kijiko, moja mpaka nane, moja mpaka nane, kwa sababu chuma kikipigwa mtu aliye chini ya maji anasikia. Mkono wake ulikuwa umechoka, mapigo yanakwenda hovyo. Nikavumilia, nikavumilia, mwishoni nikashindwa. Mimi ndiye ninayepiga ile rimu ya gari tuliyoitundika kwenye mti kuitia watu mferejini. Kitu kimoja ninachokiweza duniani ni kupiga chuma kwa mwendo mmoja bila kuchoka. Nikaingia, nikamwambia mwalimu, "Lete hicho kijiko."

Kuanzia siku hiyo nikawa mpigaji wenu. Kila Jumamosi, na Jumatano ukikaribia mchuano. Nilijifunza kuhesabu nane kama watoto. Nilijifunza kwamba wewe na Neema, yule mwenzio wa Bomang'ombe, mnakanyaga maji kwa miguu muda wote huku mabega yametulia kana kwamba mmekaa kitini. Nilijaribu kubana pumzi kwa muda mnaobana ninyi. Nilifanyia jaribio hilo kanisani, kwenye Sala ya Bwana, na sikufika kwenye mkate wa kila siku.

Mama yako naye akaingia kazini. Mwalimu alisema nywele zisukwe zikazwe kabisa, halafu zipakwe jelatini iliyochemshwa ili zing'ae na zisifumuke majini. Mama yako akaenda dukani akarudi na unga wa jeli ya watoto, ile ya strobei. Ulikwenda kwenye onyesho lako la kwanza unanukia kama sherehe ya kipaimara, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari kwenye kola yako. Ulicheza hivyohivyo. Neema alicheka chini ya maji nusura azame. Hata hivyo mlipigiwa makofi kuliko wote.

Sasa nikuambie la Dar, kwa kuwa nalo sijawahi kulisema.

Mashindano yenu ya kwanza ya taifa. Bwawa la pale halikuwa na spika ya chini, kwa hiyo kila timu iliruhusiwa mtu wa kupiga chuma pembeni. Mlikuwa mmefanya mazoezi miezi saba. Mlistahili ushindi ule. Nikainama kwenye ngazi na kijiko changu, nikaona watu, nikaona waamuzi na kalamu zao, nikakuona wewe umesimama kwenye ukingo wa bwawa na ile nguo ya shanga aliyoishona mama yake Neema. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio, na mkono ukaufuata moyo. Nilipiga haraka. Ninyi kwa kuniamini mkaenda na mkono wangu, si na muziki. Mkamaliza na kusimama na tabasamu lenu huku muziki bado unaendelea. Mkawa wa mwisho.

Njia nzima ya kurudi nilimlaumu fundi wa muziki. Nilisema mitambo yao ilikuwa inavuta. Wewe ulinisikiliza kuanzia Chalinze mpaka Same, ukasema, "Sawa baba." Haikuwa mitambo. Ilikuwa mimi, nami nadhani ulijua, kwa sababu Jumamosi iliyofuata ulinipa kijiko kilekile mkononi, ukasema, "Leo polepole baba, tuna muda." Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa na hamsini, na nilikuwa najifunza kutoka kwako kwamba mtu akiogopa anatakiwa apunguze mkono. Watu wengi hawapati walimu wa namna hiyo hata wakilipa.

Mwaka uliofuata mkachukua ubingwa wa taifa. Na uliofuata tena, na tena. Mara ya tatu msichana mmoja wa Dar alimuuliza Neema mnafanyia mazoezi bwawa gani, Neema akamwambia, "Mwenzangu alianzia kwenye bwawa la kumwagilia migomba." Yule msichana akadhani anataniwa.

Na Nairobi. Wacha niiandike Nairobi taratibu, maana hii napenda kuiandika.

Nyumba kumi na nne zilikodi Kosta. Mzee Eliakimu alivaa koti la harusi yake, linalobana, na alibeba kibuyu cha mbege ambacho maofisa wa mpakani walikinusa kwa muda mrefu kabla ya kukirudisha, nadhani kilikuwa kimepungua. Ukumbi ulijaa. Timu kutoka nchi zote za kanda zilikuwepo, zenye makocha watatu watatu na madaktari. Ninyi mlikuwa na Mwalimu Felista na kofia yake ya kanisani. Kule spika za chini zilikuwepo, za kisasa, kwa hiyo mimi na kijiko changu tulikaa jukwaani na watazamaji.

Mkaingia. Mkaanza. Katikati, mlipokuwa mmezama wote wawili, miguu minne juu, muziki ukakatika. Kote, juu na chini. Waya ulikuwa umechomoka mahali, tuliambiwa baadaye. Ukumbi mzima ukanyamaza, tukawa tunasikia maji tu. Nikamwona mwamuzi ananyanyua mkono nusu, hajui asimamishe au asisimamishe. Nikamwona Mwalimu Felista ameshika kofia.

Benchi la jukwaani lilikuwa la chuma. Kijiko kilikuwa mfukoni.

"Piga, Mwenyekiti!" Mzee Eliakimu akaninong'oneza. "Piga, watoto wanapotea!"

"Sipigi."

"Wewe ni baba wa aina gani?"

Aika, sikupiga. Niliikalia mikono yangu. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kuliko Dar, na nilijua kwamba nikipiga nitapiga moyo wangu, si muziki wenu. Nikaikalia mikono mpaka vidole vikafa ganzi, na midomo yangu inahesabu, na sijui kama nilikuwa nahesabu sawa.

Mliendelea. Miguu ikazunguka pamoja, ikashuka pamoja, mkaibuka pamoja, mikono ikaruka pamoja. Mkavuta pumzi na kuzama tena, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nane baada ya nane baada ya nane, katika ukimya ule. Halafu fundi akachomeka waya wake. Muziki haukuwa umesimama, ulikuwa unaendelea kule kwenye mtambo bila sauti, na uliporudi ulirudi kwa ngoma kubwa, boom, na kwenye ile boom mikono yenu minne ikatoka majini. Palepale. Hamkuchelewa hata kidogo.

Sijui nilichofanya. Wanasema nilipanda juu ya benchi. Wanasema nilimbusu Mzee Eliakimu kipara. Ninachokumbuka ni Wakenya waliokuwa nyuma yetu, watu tusiowajua, wamesimama wanapiga kelele "Moshi! Moshi!", na Mzee Eliakimu analia waziwazi, anamwambia kila aliye karibu, "Yule niliwahi kumpa ndizi! Yule mimi!" Alama zilipotoka nilikuwa sina sauti ya kushangilia. Mabingwa wa Afrika Mashariki. Ukapanda pale juu na Neema mmeshikana mikono, maji yanawadondoka, na wimbo wa taifa ukapigwa kwa sababu ya miguu ile niliyoivuta nduwani.

Nilikuuliza baadaye mlijuaje pa kufika. Ukasema, "Baba, nilikuwa nasikia rimu." Nikacheka, nikakupiga bega. Kisha nikaenda chooni kwenye ule ukumbi nikakaa huko kwa muda.

Mapokezi uliyaona. Pikipiki kutoka Himo, vigelegele, mama yako akicheza na begi lako kichwani, sufuria tatu za ndizi nyama, watoto wa kwaya wamejipaka unga usoni sijui kwa nini. Lakini kikao cha mfereji cha wiki iliyofuata hukukiona, ulikuwa umelala. Muhtasari ninao hapa mbele yangu. Ajenda ya pili: kila Jumapili baada ya ibada, nduwa ni ya watoto, na mtu mzima mmoja akae ukingoni. Imepita bila kupingwa. Ajenda ya tatu, aliyeileta Mzee Eliakimu: ng'ombe wake naye asafishwe jina. Imepita kwa kura nyingi, nami nilisimama nikamwomba radhi ng'ombe, watu wakacheka mpaka Katibu akashindwa kuandika. Nilicheka nao. Ilinichukua miaka minane kujifunza kicheko hicho.

Nikatembea kurudi nyumbani, nikatambua kwamba nimemwomba radhi ng'ombe kabla yako.

Kisha yule mtangazaji wa redio akaja, akakuuliza nani wa kwanza kukufundisha. Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Nikajiandaa. Nilisema moyoni, haya, sasa atasema, na ana haki. Ukasema, "Baba yangu. Ndiye alikuwa anatupigia mwendo." Ukaishia hapo. Watu wakanipongeza wiki nzima na mimi nikapokea pongezi. Hukuzitaja nyumba kumi na nne, na nilishindwa kulala kwa sababu hukuzitaja.

Sasa Misri wamekuita, kwenye kituo chao, ukafanye mazoezi na wasichana walio bora kuliko wote barani. Wengine watakuwa warefu kuliko wewe. Wamezaliwa kwenye mabwawa yenye vigae. Siogopi hata kidogo. Nimekuona ukienda bila muziki, wao hawajakuona. Nakuomba kitu kimoja tu, kwa sababu kinatokana na kosa langu na si na hekima yangu. Mtu akikuambia umekosea, hata awe kocha mkubwa wa namna gani, muulize kwanza umemkosea nani. Kama yupo, mwendee kwa mikono miwili. Kama hayupo, usibebe jani la mtu. Ulibeba kumi na manne, yanatosha maisha yako yote.

Sasa ajenda.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye ule mpaka wetu na Mzee Eliakimu kukata isale. Nilikusudia nipige fundo, nikupe mkononi mbele ya mama yako, tumalize. Nikasimama pale na kisu. Nikaona kwamba nikikupa mkononi, nitakuwa nimekulazimisha. Desturi inasema huwezi kukataa. Utapokea kwa sababu ni lazima, na mimi nitajisikia mwepesi, na utakuwa umenifanyia kazi nyingine ya kubeba. Jani hili nimeshalitumia kukulazimisha mara moja. Sirudii.

Kwa hiyo sikukata jani. Nimekata tawi zima, na sikulipiga fundo. Liko kwenye ndoo ya bluu karibu na mlango wa jikoni. Tawi la isale, unajua, likichomekwa kwenye udongo linashika.

Naomba unisamehe, Aika. Kwa zile nyumba, kwa ile sare, kwa miaka mitatu ya kuzunguka njia ya juu. Hukukosea kitu. Miguu ilikuwa mahali pake.

Kesho kabla gari halijafika, kama umenisamehe, lichukue ukalichomeke ukingoni mwa nduwa, pale ulipokuwa unavulia viatu. Kama bado, liache kwenye ndoo, panda gari, nenda zako Misri ukawaonyeshe. Wala usinieleze chochote. Mimi sitakuja nduwani na sitachungulia dirishani. Nitakaa hapa barazani nimeikalia mikono yangu mpaka nisikie honi.

Na kama litabaki kwenye ndoo, usiwe na wasiwasi nalo. Nitakuwa nalibadilishia maji.

Baba yako